Mnamtibu mtoto, jiko mnamwachia nani?

Najua nimekaa kimya wiki mbili. Majaribio yalinibana na bumu limechelewa, kwa hiyo hata vocha ya kuingilia humu ilikuwa ishu. Leo nimerudi nikiwa na hasira kidogo. Aliyekuja kutafuta umbea wa hosteli apite kesho.

Wiki hii kwenye semina ya ujasiriamali kundi moja la darasani kwetu lilitoa mpango wa biashara. Sitawataja, ni washkaji zangu na tunakula meza moja. Mpango wenyewe ni kambi ya likizo ya kupunguza unene kwa watoto wa shule za Dar. Wiki nne, ufukweni, ada laki tisa. Kila asubuhi watoto wanapimwa uzito kwa foleni, wanakimbia, wanakula kidogo, sukari marufuku. Siku ya mwisho mzazi anakabidhiwa mtoto wake pamoja na picha mbili, ya kabla na ya baada. Darasa likapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono, muda ukaisha.

Hapa muda hauishi. Naomba mnisikilize, hasa nyie wa lishe na wa afya, maana miaka miwili ijayo sisi ndio tutakaoitwa wataalamu huko wilayani na mzazi ataleta mtoto mbele yetu.

Ninachosema ni hiki: programu yoyote ya uzito inayomchukua mtoto na kuiacha nyumba yake jinsi ilivyo si tiba. Ni adhabu yenye risiti.

Kwanza niwape haki yao. Kambini mtoto ATAPUNGUA. Hilo silikatai. Leeds, Uingereza, kulikuwa na kambi ya likizo ya aina hiyo iliyoanza mwaka 1999, inaendeshwa na watu wa chuo kikuu kabisa, na watafiti wake walipochapisha matokeo mwaka 2005 walionyesha kwamba watoto walipungua uzito na afya ya mwili ikapanda wakiwa kambini. Na wale waliifanya kwa heshima, wana walezi waliofundishwa, wana michezo ya kufurahisha. Sasa jiulize, kwa nini mtoto anapungua kambini? Kwa sababu mtu mwingine anapika, mtu mwingine ananunua, mtu mwingine anapanga saa ya kulala, na hakuna duka la soda getini. Yaani umembadilishia mazingira yote kwa mara moja. Halafu siku ya ishirini na nane unamrudisha kwenye mazingira yaleyale, na yeye ana miaka tisa, hana pesa, hana ufunguo wa friji, hachagui menyu, hapangi ratiba ya basi la shule. Akinenepa tena mtasema nani kashindwa? Mtoto. Na yeye atajiambia hivyohivyo.

Twende kwenye ushahidi, maana mtu ataniambia naongea kwa hisia.

Marekani kuna mtafiti anaitwa Leonard Epstein. Huyu ndiye aliyeleta ile lishe ya taa za barabarani: kijani kula bila hofu, njano kula kwa kiasi, nyekundu simama ufikiri. Yeye na wenzake walichukua familia zenye watoto wanene wa miaka 6 hadi 12 wakazigawa makundi matatu. Wote walipewa lishe ileile na mafunzo yaleyale ya mazoezi. Tofauti ilikuwa moja tu: nani anapongezwa kwa kubadilika. Kundi la kwanza walipongezwa mzazi na mtoto pamoja. La pili mtoto peke yake. La tatu familia zilipongezwa kwa kuhudhuria tu.

Wakawafuatilia miaka 10. Matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Walipima asilimia ya uzito uliozidi ule unaotarajiwa kwa mtoto wa umri na urefu huo. Kundi la mzazi na mtoto ilishuka kwa 7.5. Kundi la mtoto peke yake ilipanda kwa 4.5. Kundi la mahudhurio ilipanda kwa 14.3. Soma tena hapo. Chakula kilekile, mazoezi yaleyale, na miaka 10 baadaye hawa wako chini ya walipoanzia na wale wako juu. Kilichowatenganisha ni kama mzazi naye alihesabiwa mgonjwa.

Bado hujaridhika? Nenda Israeli. Moria Golan na wenzake, mwaka 1998, walifanya kitu ambacho ukikisema kijiweni watu watacheka. Kundi moja walilifundisha watoto. Kundi la pili HAWAKUWAGUSA watoto kabisa, waliwaita wazazi tu. Watoto wako nyumbani wanacheza, wazazi wako darasani. Watoto wa kundi la wazazi ndio waliopungua zaidi, na lile kundi lililofundishwa watoto ndilo lililokimbiwa na wengi njiani. Walipowafuatilia miaka 7 baadaye, tofauti ilikuwa bado ipo. Kwa maneno mengine, watoto ambao hawakupelekwa kliniki walipona vizuri kuliko waliopelekwa.

Mimi niliposoma hilo nilikaa kimya dakika nzima. Maana huku kwetu kila mtu anaanza na mtoto. Mtoto acha kula, mtoto kimbia, mtoto panda mizani.

Ngoja niwatajie na nchi iliyojaribu njia ya mtoto kimbia, tena kwa nguvu ya serikali. Singapore. Mwaka 1992 walianzisha mashuleni mpango ulioitwa Trim and Fit, kifupi TAF. Watoto walioonekana wana uzito mkubwa walitengwa na wenzao, wakapewa mazoezi ya ziada, wengine muda wa mapumziko wakati wenzao wanacheza au wanakula. Na takwimu za serikali zilionyesha asilimia ya wanafunzi wanene ilishuka. Mshkaji wa kambi atasema, umeona? Ngoja. Isome TAF kutoka nyuma. Watoto waliona siku ya kwanza, na ndilo jina wenzao waliloitwa kwa Kiingereza, miaka yote ya shule. Malalamiko ya wazazi na ya wanafunzi wenyewe yakawa mengi, na mwaka 2007 serikali ikaufuta mpango ikaweka mwingine unaowahusu wanafunzi wote badala ya kuwachambua wanene. Nchi yenye pesa, nidhamu na takwimu za kujivunia ililazimika kukubali kwamba huwezi kumtenga mtoto kwa ajili ya mwili wake ukaita afya.

Na msidhani dhihaka inasaidia japo kidogo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 uliowafuatilia watoto na vijana kwa miaka kadhaa. Waliotaniwa sana kuhusu uzito waliongezeka ZAIDI kuliko ambao hawakutaniwa. Kumbe kumwita mtoto bonge hakumpunguzi. Kunamwongeza.

Sasa njooni nyumbani, maana mfano ninao.

Mama mdogo wangu anaishi Dar, ana mtoto wa kiume wa miaka tisa, darasa la nne. Jina lake la nyumbani ni Bonge. Alipewa na sisi sisi, wajomba na mashangazi, kwa mapenzi kabisa. Alipokuwa na miaka miwili kila mgeni alimnyanyua akasema huyu kweli analelewa, huyu mama yake ana maziwa. Kwetu mtoto mnene ni cheti cha mzazi. Watu wanaokumbuka miaka ya tisini wanajua mtu akikonda majirani walianza kuhesabu siku zake. Kwa hiyo tukamlisha kwa kujisifu. Alipofika miaka minane cheti kikageuka aibu, tena ghafla. Mashangazi walewale wakaanza, huyu mtoto mbona amezidi, mpunguzeni.

Siku yake ikoje? Anaamshwa saa kumi na nusu alfajiri, basi la shule linapita saa kumi na moja. Anarudi saa kumi na moja jioni kwa foleni. Anaoga, homuwaki, tuisheni, kulala saa nne usiku. Piga hesabu: anapata saa sita na nusu za usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na usingizi mdogo unahusishwa na unene kwa watoto, hilo mmelisoma wote. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto apate dakika 60 za kuchakarika kwa siku. Azipatie wapi? Ndani ya basi? Nyumbani kuna geti, nje kuna bodaboda, kiwanja walichokuwa wanachezea chandimu kimejengwa fremu za maduka.

Chakula je? Asubuhi chai ya sukari na andazi la haraka. Mapumziko anapewa buku mbili, na dukani shuleni kuna soda, juisi ya paketi, biskuti na mihogo ya kukaanga. Soda ya mililita 350 yenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100 ni gramu 35, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Mtoto anayehitaji kalori 1,600 kwa siku, ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unampa sukari ya kuongezwa isiyozidi gramu 40, na ikiwezekana 20 tu. Chupa moja, kazi imekwisha, na chai ya asubuhi bado haijahesabiwa. Mchana shule inapika wali. Jioni dada wa kazi anapika, na anapika alivyoambiwa, mafuta ya kutosha ili baba asilalamike. Ijumaa baba anaingia na chipsi kuku, na pale mlangoni mtoto anaruka kwa furaha, kwa sababu ni siku pekee ya wiki baba anamkuta macho.

Niambieni sasa, kwenye orodha hiyo kipi ni uamuzi wa mtoto? Mimi nimetafuta nimekosa. Labda biskuti.

Mwaka jana shule yake, sitaitaja, iliamua kuchukua hatua. Wakaleta mizani darasani. Mmoja mmoja mbele, namba inasomwa kwa sauti, mwalimu anaandika. Ilipofika zamu yake darasa likahesabu kwa pamoja. Akapewa barua ya kupeleka nyumbani: mtoto wenu ana uzito uliozidi, tafadhali chukueni hatua. Hatua gani, barua haikusema. Tangu siku hiyo hali kitu shuleni mbele ya watu. Mama yake alifurahi wiki mbili, akidhani amepata nidhamu. Halafu dada wa kazi akamwambia mkate unaisha usiku. Anakula saa sita, gizani, amesimama.

Hiyo ndiyo programu ya kumtibu mtoto peke yake. Matokeo yake ni mtoto anayekula gizani.

Najua mtakayosema, nayajibu moja moja.

La kwanza: acha mambo ya kizungu, hapa tatizo ni utapiamlo. Ni kweli udumavu ndio mzigo wetu mkubwa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na wenye uzito uliozidi ni wachache sana ukilinganisha. Lakini Septemba 2025 UNICEF ilitoa ripoti kwamba duniani, kwa mara ya kwanza, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamewazidi wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya 9.2. Sehemu mbili tu ndizo bado hazijafikia hapo, Kusini mwa Asia na sisi wa kusini mwa Sahara. Sisi tunaona ni sifa. Mimi naona ni muda tuliopewa. Wenzetu walishtuka watoto milioni kadhaa wakiwa tayari kwenye foleni ya kliniki. Sisi tunaweza kuanza na njia iliyofanya kazi badala ya kurudia TAF kwa Kiswahili. Na tena mtoto aliyedumaa anaweza akawa mnene papo hapo, mfupi na mzito, kwa hiyo hizi si timu mbili.

La pili: wazazi wa Dar hawana muda, ndiyo maana wanalipa. Hapa ndipo naelewa biashara yenu, na hapa ndipo ninapopingana nayo hasa. Mnauza ahadi kwamba mzazi anaweza kununua mabadiliko bila kubadilika. Itauzika, hilo sina shaka. Kampuni ya WW ya Marekani, ile iliyokuwa Weight Watchers, ilizindua Agosti 2019 programu ya simu iitwayo Kurbo kwa watoto wa miaka 8 hadi 17, na rangi za taa za barabarani zikiwemo. Mtoto na simu yake, anahesabu vyakula vyekundu. Madaktari na wazazi wengi wakapiga kelele. Mwaka 2022 mamlaka ya biashara ya huko ikaituhumu kukusanya taarifa za watoto wa chini ya miaka 13 bila ridhaa ya wazazi, kesi ikaishia kwa faini ya dola milioni 1.5, na Kurbo ikafungwa. Angalia kilichotokea kwa wazo la Epstein. Rangi zimebaki. Aliyekuwa anapongezwa pamoja na mtoto, yaani mzazi, amepungukiwa na kazi.

La tatu, na hili ndilo zito: hata programu nzuri za familia matokeo yake ni madogo. Kweli. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 70 ya watoto wa miaka 6 hadi 11 na kukuta kwamba lishe, mazoezi na kubadili tabia kwa pamoja vinashusha BMI kwa kiasi cha nusu ya kizio, tena kwa muda mfupi. Na ule utafiti wa sindano ya semaglutidi kwa vijana wa miaka 12 hadi 17, uliotoka mwishoni mwa 2022, ulionyesha kuwa baada ya wiki 68 waliochomwa dawa pamoja na ushauri BMI yao ilishuka kwa asilimia 16.1, na waliopata ushauri na sindano ya bandia ilipanda kwa 0.6. Kwa hiyo mtu anaweza kuniambia, wewe na familia yako mnapoteza muda, leta sindano.

Jibu langu ni kwamba hayo yanaimaliza kambi kabla hayajanigusa mimi. Kama ushauri wa mwaka mzima na zaidi unaleta sifuri kwa kijana mwenye unene mkubwa, wiki nne ufukweni zitaleta nini? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipotoa mwongozo wake Januari 2023 kilisema matibabu ya tabia yawe ya familia, ana kwa ana, saa 26 au zaidi, ndani ya miezi 3 hadi 12. Si semina ya Jumamosi moja. Si barua. Na kwa wanaohitaji, dawa kuanzia miaka 12, na wenye unene mkali wapelekwe kuangaliwa kama wanafaa upasuaji kuanzia miaka 13. Watu waliukasirikia sana mwongozo ule. Mimi kuna kitu naupendea: unamchukulia mtoto mnene kama mtu mwenye maradhi yanayostahili tiba, sawasawa na mwenye pumu. Mwenye pumu hatumpangi foleni darasani tukahesabu pumzi zake kwa sauti. Lakini dawa hiyo ni ghali, wengi wetu hatutaiona karibuni, na hata inapokuwepo inatolewa juu ya msingi wa nyumba, si badala yake.

La nne: mtoto lazima afundishwe nidhamu. Haya. Anza na baba. Aache soda mezani mwezi mmoja, tuone nidhamu ya nyumba hiyo.

Sasa msiseme napinga tu. Nikipewa hizo laki tisa ningefanya hivi, na nyie mnaweza kuniboreshea.

Ningewaita wakubwa kwanza. Mama, baba, bibi kama yupo, na DADA WA KAZI. Huyu wa mwisho hakuna slaidi hata moja inayomtaja na ndiye anayeshika mwiko. Ningemlipa nauli na posho ya siku aje. Wakutane kila Jumamosi ya pili, miezi sita hadi mwaka, mpaka saa 26 zitimie.

Mizani ingekuwepo, ila chumbani, mlango umefungwa, na namba anaambiwa mzazi. Na lengo kwa watoto wengi wadogo lisiwe kupunguza kilo. Mtoto anakua! Ukishikilia uzito wake pale ulipo huku urefu unapanda, mwaka mmoja au miwili mchoro wake unarudi mstarini wenyewe. Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Ndiyo maana BMI yake inasomwa kwa umri na jinsia kwenye michoro ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, si kwa ile namba 30 mliyoizoea. Picha ya kabla na baada haina nafasi hapa, kwa sababu baada yenyewe inachukua miaka.

Chakula kingekuwa kimoja kwa nyumba nzima. Hakuna sahani ya Bonge na sahani ya watu. Maji mezani, soda iwe ya sikukuu kwa WOTE. Ugali ubaki, dagaa wabaki, maharage, mchicha, ndizi, vyote vibaki. Hatuhitaji vyakula vya dukani vyenye majina magumu. Tunahitaji mafuta yapimwe kwa kijiko na chai ipungue vijiko viwili. Na TV izimwe wakati wa kula.

Ningekwenda na shuleni. Kuzungumza na mwenye duka auze ndizi, karanga na maji. Kuwaomba warudishe nusu saa ya kucheza, na basi lianze kuchelewa kidogo kwa wadogo. Najua la basi ni gumu, njia ni ndefu na magari machache. Lakini hakuna programu ya uzito itakayomshinda mtoto anayelala saa sita.

Na anayekoroma sana usiku, mwenye presha au dalili za sukari, huyo hospitali, haraka, bila hotuba.

Hii haihitaji ufukwe. Halmashauri zina maafisa lishe, kliniki za mama na mtoto zipo, na kadi ya kliniki kila mzazi anaijua. Tunaifunga kadi ile mtoto akifika miaka mitano kana kwamba kukua kumekwisha. Mtu akiandika mradi wa kuirefusha hadi darasa la saba, mimi nitajitolea kuchapa.

Kwa washkaji zangu wa kambi: sina ugomvi nanyi, na kesho chai nanunua mimi, bila sukari. Ila mkija kuweka tangazo la picha mbili za mtoto wa mtu, nitaandika tena, na safari hiyo nitataja majina.

Na kwa wengine wote, kuna kitu kimoja cha kufanya hata kabla ya kupata digrii. Yule mtoto wa kwenu mnayemwita Bonge, Tipwatipwa, Kiboko, sijui Kontena, ana jina alilopewa na wazazi wake. Mpigieni simu wikiendi hii, mmwite hilo.

Nawasilisha. Maoni yako wazi hapo chini, na matusi pia napokea, ila yawe na hoja.